Betri, solventi na naitriki: ndege, meli, reli au lori? Na stoo iweje?

Mzigo_Mkavu:
Habari wakuu. Naomba ulinganisho toka kwa wenye uzoefu. Tuna mizigo hatari ya aina tatu, inasafiri mara kwa mara na muda mwingine inakaa stoo wiki kadhaa: betri za lithiamu (zenyewe tu, hazijafungwa kwenye kifaa), mapipa ya solventi za rangi (vimiminika vya kuyeyushia rangi, kama thina) na madumu ya asidi ya naitriki. Bosi anataka njia moja kwa vyote eti ndo rahisi kusimamia, mi nasitasita. Ndege, meli, reli au lori? Na stoo, tuchukue moja kubwa au vyumba vidogo vidogo? Tiririkeni.

Kapteni_Kontena:
Njia moja kwa vyote futa hiyo. Kwenye makundi ya mizigo hatari solventi ni klasi 3 (vimiminika vinavyowaka), betri klasi 9 (hatari nyinginezo), naitriki klasi 8 (vinavyobabua) na ikiwa kali zaidi inabeba na hatari ya pili ya uoksidishaji, yaani inaweza kuwasha vitu vinavyoungua bila hata kiberiti. Kuiweka kontena moja na solventi ni kutafuta msiba.

Ndege kwa betri inawezekana ila kwa masharti. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zenyewe (namba yake ya mzigo hatari ni UN 3480) haziruhusiwi kama kago kwenye ndege za abiria, ni ndege za mizigo tu, na chaji isizidi asilimia 30. Sababu ipo, 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya vifurushi ya UPS ilianguka Dubai baada ya moto kwenye shehena iliyokuwa na betri nyingi za lithiamu, marubani wote wawili wakafariki. Betri ikishaanza kuchemka yenyewe inaambukiza ya pembeni, na gesi ya kuzimia moto haiipozi.

Bi_Nyaraka:
Naongezea kwa Kapteni, kuanzia 2026 hiyo asilimia 30 imegusa hata betri nyingi zinazopakiwa pamoja na kifaa, sio zile za peke yake tu. Mwambie anayekuuzia aziteremshe chaji kiwandani, maana zikifika kwa wakala zimejaa chaji mzigo haupandi na hapo nani atazipunguza?

Dogo_Kliaringi:
Mbona mnakuza mambo, andika "vifaa vya umeme" kwenye karatasi mzigo unaenda, watu kibao wanafanya hivyo 😅

Kapteni_Kontena:
@Dogo_Kliaringi ndugu yangu huo ndo ugonjwa wa biashara hii. Ukidanganya, kontena lako linapangwa chini kabisa ya shehena au karibu na mashine yenye joto kwa sababu karatasi inasema halina shida, na mabaharia wakiona moshi hawajui wanapambana na nini. Haya ya kuficha mkaa, betri na klorini ya mabwawa ya kuogelea yameshachoma meli za watu. Huo mkaa wenyewe tangu mwanzo wa 2026 kanuni za IMDG (za kimataifa za mizigo hatari baharini) zimeubana, unatangazwa kuwa mzigo hatari, na baada ya kuchomwa kwa kawaida lazima ukae siku 14 upoe ndo upakiwe.

Dogo_Kliaringi:
Sawa mkuu nimeelewa, nilikuwa nachokoza tu

Mama_Ghala:
Mdogo wangu Mzigo_Mkavu, kwa hiyo naitriki ya kwenye meli usiangalie bei tu, angalia nani amefunga dumu. Meli ya kontena X-Press Pearl mwaka 2021 ilikuwa na kontena la naitriki linalovuja, bandari mbili hazikulishusha, meli ikaendelea hadi nje ya Colombo ikaungua siku kadhaa na mwisho ikazama, fukwe za Sri Lanka zikajaa vipunje vya plastiki. Yaani mzigo ukishaanza kuvuja hakuna anayeutaka, uamuzi wako wote upo kabla haujaondoka.

Sasa stoo, hapo ndo kwangu. Vyumba vidogo, sibishani. Naitriki ikae peke yake, sakafu ya zege iliyopakwa kinga ya asidi, na HAPANA paleti za mbao chini yake wala maranda ya mbao kufutia ikimwagika, inayachoma. Kila chumba kiwe na kizingiti au beseni linalobeba walau asilimia 110 ya chombo kikubwa kilichomo. Solventi mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, kwa hiyo tundu za hewa ziwe na za chini pia, swichi zisizotoa cheche, na ukimimina toka pipa kwenda ndoo ya chuma unganisha waya wa ethi kwanza ili umeme tuli usitoe cheche. Betri mbali na vyote, mbali na jua, na nafasi kati ya paleti na paleti.

Halafu muda. Watu wanaangalia aina ya mzigo wanasahau unakaa hadi lini. Bandari ya Beirut, Lebanoni, zile tani 2,750 za amoniamu naitreti (kemikali ya mbolea na baruti) ziliingizwa ghalani 2014 na zikalipuka Agosti 2020, kila mtu alikuwa na barua yake ya onyo mkononi. Tianjin, China, 2015 nitroselulosi (kemikali inayowaka kirahisi ikikauka) iliacha kuwa na unyevu, ikapata joto ikawaka yenyewe, moto ukafikia amoniamu naitreti. Watu zaidi ya 160 walikufa. Kwangu kila dumu lina tarehe ya kuingia na jina la anayetakiwa kulitoa.

Reli_Damu:
Naona reli mmeiruka. Kwa solventi nyingi umbali mrefu mimi naitetea, behewa moja linabeba kazi ya malori kadhaa na haligongani na bodaboda. Wataniletea ajali ya treni ya mafuta ya Lac-Mégantic, Kanada, 2013, watu 47 walikufa, najua. Ile treni iliachwa kwenye mteremko bila breki za mkono za kutosha, na mafuta yake yalikuwa yameandikwa kundi la hatari ndogo kuliko ukweli. Karatasi tena!

Utingo_Mstaafu:
Reli haifiki mlangoni bro, kipande cha mwisho ni lori tu. Usichague lori, chagua dereva, na uhakikishe anajua kusoma bango la chungwa la kwenye gari la mzigo hatari, namba ya juu ni aina ya hatari, ya chini ni mzigo wenyewe. Juu 33 chini 1203 ni petroli, juu ikianza na X ina maana maji ni marufuku bila ushauri wa mtaalamu. Nimeona madereva wa miaka mingi hawajui hilo.

Mzigo_Mkavu:
Asanteni sana wakuu, dada na kaka zangu. Basi napeleka kwa bosi hivi: solventi reli kisha lori, naitriki meli kontena lake, betri meli pia isipokuwa oda za haraka. Swali moja, betri zilizovimba au kudondoshwa tunarudisha kwa ndege ya mizigo?

Bi_Nyaraka:
Hapana kabisa, zilizoharibika ndege yoyote hazipandi. Zitenge nje ya jengo, mpigie aliyekuuzia, na zina vifungashio vyake maalum kwa barabara au meli, usitumie boksi zilizokuja nazo.