Surua na homa ya manjano kwa mtoto wa miezi 11: nizipange vipi kabla ya safari ya Johannesburg?

MamaTaji_SouthB

Habari zenu. Tunasafiri kwenda Johannesburg tarehe 7 Aprili na leo ni Jumanne, tarehe 3 Machi. Tuko wanne na kila mmoja ana shida yake:

Mtoto ana miezi 11, anatimiza mwaka tarehe 29 Machi. Kitabu cha kliniki kina BCG, polio ya kuzaliwa, za wiki 6 na za wiki 10. Za wiki 14 hakupata, na surua ya miezi tisa hakupata. Kituo cha karibu hutoa surua Alhamisi pekee. Je, aanze upya? Na kadi ya njano (cheti cha chanjo ya homa ya manjano) anaihitaji, au bado ni mdogo?

Mama mkwe ana miaka 67, anatumia dawa za presha, hajawahi kuchanjwa homa ya manjano. Mume wangu alichanjwa 2013 na kadi yake imeandikwa mwisho 2023. Mimi sijawahi, na bado nanyonyesha.

Muuguzi_Chanjo

Mama Taji, hakuna kuanza upya. Dozi iliyoingia mwilini haifutwi na kuchelewa. Unaendelea pale ulipoachia. Kinachotakiwa ni angalau wiki 4 kati ya dozi moja ya penta (chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja) na inayofuata, na hizo zimepita zamani. Kwa hiyo anadaiwa penta ya tatu, nimonia ya tatu, sindano ya polio, matone ya polio, na surua-rubela ya kwanza. Muulize mhudumu pia kuhusu matone ya rota (ya kuzuia kuhara) na vitamini A (yuniti 100,000 kwa umri wake) kama kitabuni hakuna alama.

Kadi ya njano anaihitaji. Afrika Kusini inaidai kwa anayetoka Kenya kuanzia umri wa mwaka mmoja, na siku ya kutua atakuwa ameshautimiza. Wanaangalia umri wa siku ya kuingia, si wa siku ya kukata tiketi.

Sasa hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo fuata tarehe kwa makini. Surua-rubela na homa ya manjano zote ni chanjo hai za sindano, yaani zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Ama hutolewa siku moja, ama huachana wiki 4. Na cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Akichomwa surua Alhamisi tarehe 5 halafu mkakumbuka kadi wiki ijayo, mtaambiwa msubiri hadi tarehe 2 Aprili. Ongeza siku 10, mnafika tarehe 12 Aprili na ndege imeshaondoka. Siku ya mwisho kabisa ya kuchomwa homa ya manjano kwa safari yenu ni tarehe 28 Machi.

Ushauri wangu: zote mbili Alhamisi hiyohiyo, kila moja mkono wake. Asubuhi surua kituoni kwenu, kisha moja kwa moja mjini kwenye kliniki ya chanjo ya City Hall, Nairobi, au hospitali kubwa ya binafsi yenye kibali cha kutoa kadi ya njano. Piga simu huko kesho kuhakikisha chanjo ipo na wanachanja watoto siku hiyo. Msichome surua kabla ya kupata jibu hilo.

baba_wa_Donholm

Kwa nini asitangulize homa ya manjano, surua ikangoja mwezi ujao? Kwa upande wa kadi tarehe zinatosha.

Muuguzi_Chanjo

Zinatosha, lakini mtoto ndiye anayelipa. Ameshachelewa miezi miwili na surua huambukiza kwa hewa, kwenye matatu, kwenye foleni, kwenye ndege. Tena homa na vipele vya chanjo ya surua, vikitokea, huja kati ya siku ya 7 na ya 12. Achomwe tarehe 2 Aprili, vitamkuta Johannesburg na mtashindwa kujua kama ni chanjo au ugonjwa.

Suala la Alhamisi pekee lina sababu. Chupa ya surua-rubela ni ya dozi 10, na ikishachanganywa inatumika ndani ya saa 6, inayobaki inamwagwa. Ndiyo maana vituo hukusanya watoto siku moja. Hata hivyo chupa inaruhusiwa kufunguliwa kwa mtoto mmoja, na mtoto aliyechelewa ana haki ya kuombewa hilo. Ongea na msimamizi wa kliniki kwa upole, mweleze tarehe ya safari.

Dkt_Safari

Nakubaliana na mpangilio huo. Naongeza kwamba penta, nimonia na sindano ya polio si chanjo hai, kwa hiyo hazifungwi na hesabu ya wiki 4. Mpeleke kesho Jumatano apate hizo pamoja na matone, Alhamisi abaki na sindano mbili tu. Wapo wenzangu wanaopendelea zote kwa siku moja ili mzazi asipotee, nao wana hoja. Lakini mama huyu anafuatilia, na sindano tano kwa mpigo ni nyingi bila ulazima.

Homa ya penta kwa kawaida huja ndani ya siku mbili. Parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 9 anapata mililita 5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5, kila baada ya saa 6 akiwa na homa. Msimpe kabla homa haijaja.

Mume wako asichomwe tena. Tangu 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano kinadumu maisha yote, pamoja na vile vya zamani vilivyoandikwa miaka 10. Ila asithubutu kukata hiyo 2023 kwa kalamu na kuandika mwaka mwingine. Kadi iliyofutwa au kurekebishwa inaweza kukataliwa.

Wewe unaweza kuchomwa. Tahadhari ya kunyonyesha inahusu zaidi mtoto aliye chini ya miezi 9. Kama kuna uwezekano wa mimba, sema kabla ya sindano.

Mama mkwe ndiye ninayemfikiria zaidi. Dawa za presha peke yake hazimzuii. Tatizo ni umri: anayechanjwa mara ya kwanza baada ya miaka 60 ana hatari kubwa kiasi ya madhara makali, ingawa ni nadra sana. Johannesburg haina homa ya manjano, kwa hiyo kinga anayoitafuta ni ya karatasi tu. Amwone daktari. Akionekana hafai kuchanjwa, aandikiwe barua ya msamaha kwa Kiingereza, yenye sababu, saini na muhuri, kisha muulize ubalozi wa Afrika Kusini kabla ya kusafiri kama itapokewa. Maofisa wa mpakani wana uamuzi wao, na wanaweza kumweka chini ya uangalizi. Kama ana saratani, anatumia steroidi za muda mrefu au ana shida ya kinga, msijadili tena, asichomwe.

MamaTaji_SouthB

Asanteni sana. Nimepiga simu, chanjo ipo na Alhamisi wanachanja. Kadi ya mtoto nichunguze nini kabla sijaondoka dirishani?

Muuguzi_Chanjo

Jina liwe herufi kwa herufi kama pasipoti, kwa hiyo beba pasipoti zenu zote. Mtoto ana kadi yake mwenyewe, haandikwi ndani ya yako, na wewe unasaini kwa niaba yake. Angalia tarehe ya chanjo, mtengenezaji na nambari ya bechi, muhuri wa kituo, na saini ya mkono ya aliyechanja. Muhuri hauchukui nafasi ya saini. Mwanzo wa kutumika usome 15 Machi. Wakikosea neno, waombe kadi mpya palepale.

Beba kitabu cha kliniki pia, surua ya asubuhi iwe imeshaandikwa ndani, kwa sababu mhudumu wa City Hall atataka kuona kwamba ni ya siku hiyohiyo. Surua ya pili ni akifika miezi 18.