Kahawa, makopo ya usiku na mtoto anayechelewa

DerevaWaUsiku (Kisumu)
Wakubwa, hamjambo. Naendesha lori la mafuta usiku, Kisumu hadi Malaba, mwaka wa 4 sasa. Nina miaka 34. Usingizi naufukuza kwa vikombe 2 vya kahawa nikiondoka, halafu makopo 3 ya vinywaji vya nguvu njiani, yale ya nusu lita. Ndoa yetu ina miaka 2, mtoto hakuna. Mke wangu ameshapimwa, yuko sawa, lakini mama bado anamwangalia yeye. Juzi taniboi wangu ameniambia kafeini inaua mbegu za kiume, eti nitafune mzizi wa mukombero nitapona. Ni kweli ama ni porojo za stendi?

Darubini (Nakuru)
Nafanya kazi maabara. Tupige hesabu kwanza. Mengi ya makopo hayo yana miligramu 32 za kafeini kwa kila mililita 100, kwa hivyo kopo lako ni 160. Matatu ni 480, na kahawa bado. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya wanasema mtu mzima asipite 400 kwa siku.

Kusema kafeini inaua mbegu ni kutia chumvi. Vikombe viwili vya kahawa havijathibitishwa kumnyima mtu mtoto. Mimi naogopa zaidi ile sukari: makopo yako 3 yanaweza kubeba vijiko 40. Tena unakaa usiku kucha kwenye kiti cha moto, na korodani zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Unavuta sigara? Hukusema.

Nenda upimwe shahawa. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, ukiiweka karibu na mwili, si kwenye friji. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha 2021 ni mbegu milioni 16 kwa mililita.

MamaMrenda (Kakamega)
Mwanangu, mukombero nauza mimi mwenyewe, na nakwambia unaamsha hamu. Wewe hujalia hamu, umelia mtoto! Kula nyanya zilizoiva kwa mafuta kidogo, mboga za managu na saga, mapera. Na mbegu za malenge mnazotupa, zikaange.

Jogoo_la_Nyando
Babu yangu alikunywa chai ya rangi tangu alfajiri na ana watoto 11.

Darubini (Nakuru)
Babu yako alilala usiku, Jogoo.

Mama amesema vizuri. Ukuta wa mbegu umejaa mafuta laini yanayoharibika upesi, na vitamini C ya mapera na wekundu wa nyanya husaidia kuyakinga. Wekundu huo mwili huupokea vizuri nyanya ikipikwa na mafuta. Lakini mboga haitibu mishipa iliyovimba korodanini, hiyo ni kazi ya daktari. Pia usitarajie mabadiliko wiki ijayo: mbegu huchukua kama siku 74 kutengenezwa. Hesabu miezi 3.

DerevaWaUsiku (Kisumu)
Sigara niliacha 2022. Leo nimebeba chupa ya uji na kopo moja tu, na nimeona kilima cha Maseno kirefu kuliko siku zote. Alhamisi sina safari, naenda kupimwa. Nimempigia mama nikamwambia anayepimwa sasa ni mimi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula.