Naomba ushauri: nimehamia kituo cha afya, nijiunge na chama cha wafamasia au leseni inatosha?

Kinu_na_Mchi
Habari zenu wakuu. Mimi ni mfamasia. Nilikaa hospitali kubwa miaka 6, tulikuwa wafamasia 12. Sasa ni mwezi wa 4 niko kituo cha afya cha ngazi ya msingi, mfamasia ni mimi peke yangu. Leseni ya baraza la famasi ninayo na iko hai. Je, kuna haja ya kulipa tena ada ya chama cha kitaaluma? Mshahara haujapanda, na ada ile naisikia mfukoni.

Kilichonisukuma kuuliza ni hiki. Alhamisi iliyopita alikuja mama mmoja mtu mzima, akafungua mfuko akamwaga dawa zake zote mezani. Kwenye lundo lile kulikuwa na enalaprili na haidroklorothiazaidi za presha alizopewa hapa kwetu, na diklofenaki aliyoandikiwa kwingine kwa ajili ya magoti. Anameza zote 3 kila siku, wiki ya 5 sasa. Wenzangu mnajua maana yake: haidroklorothiazaidi inapunguza maji mwilini, diklofenaki inabana mshipa unaoingiza damu kwenye figo, enalaprili inalegeza mshipa unaoitoa. Figo inabaki bila msukumo wa kuchuja.

Nilimwandikia daktari kijikaratasi. Kikarudi na maneno: "Wewe toa dawa, ya kupanga niachie mimi." Hospitali ningemgeukia tu mwenzangu, "Hebu nitazamie hii." Hapa nikigeuka naona rafu. Nilimwambia mama asimamishe diklofenaki kwanza na arudi Jumanne, lakini usiku sikulala vizuri, najiuliza kama nimevuka mpaka wangu.

Sindano_Butu
Pole sana mkuu. Kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo wengi wetu tunavichanganya. Baraza liko kwa ajili ya kumlinda mgonjwa dhidi yako ukikosea. Chama kiko kwa ajili yako na taaluma. Uingereza kazi zote mbili zilikuwa chini ya chombo kimoja hadi 2010, wakazitenganisha: usajili na nidhamu vikaenda kwa baraza jipya, chama kikabaki cha hiari. Ukiwa na leseni tu, umetimiza sheria. Siku ukiwa na swali kama la Alhamisi, huwezi kulipigia baraza simu ukawaambia "nina wasiwasi nimevuka mpaka".

Mama_Dozi
Mdogo wangu, nakueleza yaliyonipata mimi. Nilikuwa peke yangu kama wewe. Mgonjwa wa baridi yabisi katoka hospitali na karatasi ya ruhusa, imeandikwa methotreksati, kidonge kila siku. Kwa ugonjwa ule dawa hiyo humezwa mara 1 kwa wiki. Nilipomtazama, midomo ilikuwa na vidonda na homa imeanza. Alikuwa amemeza siku 6.

Nilijua ni hatari. Nisichokuwa nacho ni ujasiri wa kusema "rudi hospitali sasa hivi, usisubiri daktari wa hapa amalize foleni". Chama chetu kina kundi la wafamasia wa huduma za msingi, na nilikuwa na namba ya mlezi wangu wa kitaaluma. Nilimpigia nikiwa nimesimama dirishani pa kutolea dawa. Hakunifundisha lolote jipya. Aliniuliza maswali 3: amemeza ngapi, figo zikoje, ana kotrimoksazoli, ile antibayotiki, yoyote? Nikatazama, kumbe anayo, kaandikiwa siku hiyohiyo kwa ajili ya homa, na hiyo huzidisha sumu ya methotreksati. Akaniambia, "Mpeleke, na uandike kila kitu pamoja na saa."

Mgonjwa alipona baada ya wiki 2 wodini. Tangu siku hiyo sijawahi kuchelewesha ada.

Rafu_ya_Tatu
Mimi nasema ukweli wangu. Nimelipa miaka 3 mfululizo. Nilichopata ni jarida, barua pepe na mialiko ya mikutano ambayo kituo hakiniruhusu kwenda kwa sababu hakuna wa kunishikia dirisha. Vyama vingi vinafikiria mwenye duka la dawa au wa hospitali; sisi wa vituo tuko katikati. Usilipe kwa kuona aibu.

Mama_Dozi
@Rafu_ya_Tatu una haki kabisa, na ndiyo maana nimesema kundi. Uanachama bila kundi la watu wa kazi yako ni kadi tu. Kama halipo, wanachama wachache wanaweza kuomba lianzishwe. Letu tulilianza watu 7.

Kaimu_Stoo
Kabla ya kulipa uliza habari ya bima ya dhima ya kitaaluma, yaani ya kukulinda ukidaiwa kwa kosa la kazini. Vyama vingine vinaitoa ndani ya ada, vingine havina kabisa. Na ukikuta ipo, soma masharti kwa utulivu: inakulinda ukitoa dawa tu, au hata ukipitia dawa za mgonjwa na kushauri moja isimamishwe? Kazi ya kituo ni hiyo ya pili. Mimi niligundua baada ya mwaka mzima kwamba yangu ilikuwa inaishia dirishani.

Halafu hiyo "wewe toa dawa". Azimio la Alma-Ata la 1978, lile la kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, liliweka dawa muhimu ndani ya huduma ya msingi, lakini lilipotaja watumishi likataja madaktari, wauguzi, wakunga, wasaidizi na wahudumu wa jamii. Mfamasia hakutajwa kwa jina. Pengo hilo halizibwi na mtu 1 kwa kijikaratasi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na shirikisho la kimataifa la wafamasia, FIP, walitoa mwongozo wa utendaji bora wa famasi wenye majukumu 4, na la 2 ni kusimamia matibabu ya dawa ya mgonjwa. Chama chetu kilitusaidia kuuingiza kwenye maelezo ya kazi ya kituo. Nilikaa na mganga mfawidhi, yeye na mimi na karatasi ile. Hatukugombana.

Kinu_na_Mchi
Asanteni sana wote, nimesoma mara mbili. Nimewaandikia chama mambo mawili: kundi la huduma za msingi lipo, na bima inagusa mapitio ya dawa? Wakijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, nalipa mwisho wa mwezi. Ila Jumanne inakuja kabla hawajajibu. Nifanyeje na mama yule?

Mama_Dozi
Kumwambia asimamishe diklofenaki hukukosea. Liandike kwenye faili lake na tarehe. Jumanne asubuhi nenda mwenyewe kwa daktari, usitume karatasi. Omba vipimo vya damu vya kreatinini na potasiamu kuona figo zikoje, mpime presha, muulize kama mkojo umepungua. Kwa magoti pendekeza parasetamoli wakati mnasubiri majibu. Namba yangu nimekutumia sanduku la ujumbe. Saa 4 asubuhi nakuwa mapumzikoni, piga.