Mwanangu anakosea kutambua sehemu kwenye mstari wa namba, naomba ushauri

MamaWawili:
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nina mtoto wa darasa la nne ambaye hesabu za sehemu kwa picha hazimsumbui: ukimpa duara lililogawanywa mara nne na kutiwa rangi mafungu matatu, anaandika 3/4 papo hapo. Shida huanza anapokutana na mstari wa namba. Jana nilimchorea mstari wa kutoka 0 hadi 1, nikaweka vistari vitatu katikati ili zipatikane robo nne, na kwenye kistari cha tatu nikaandika herufi B. Alijibu kwamba B ni 4/5. Nilipochora mstari unaofika 2 na kumwomba anionyeshe 1/2, aliweka kidole juu ya 1 bila wasiwasi wowote. Nimemkatia chapati, nimemgawia chungwa, lakini akirudi kwenye mstari makosa ni yaleyale, nami sitaki akariri majibu asiyoyaelewa. Nianzie wapi?

MwalimuMstaafu:
Mama, makosa yote mawili yana sababu. Katika swali la kwanza mtoto amehesabu alama badala ya nafasi: ameanza na 0 yenyewe, akafika B kwenye hesabu ya nne, kisha akahesabu alama zote kuanzia 0 hadi 1 na kupata tano. Asili, yaani namba ya chini, ni idadi ya nafasi zilizo sawa kati ya 0 na 1, ambazo hapo ni nne, na kiasi, yaani namba ya juu, ni idadi ya hatua za kutoka 0 hadi pale B ilipo, ambazo ni tatu. Aweke kidole juu ya 0 bila kutamka lolote, na atamke "moja" pale tu kidole kitakapokuwa kimevuka nafasi ya kwanza.

Katika swali la pili ameuchukua mstari wote kuwa ndio kitu kizima, kama alivyozoea kwenye chapati. Chapati ni nzuri kwa kuanzia, ila haina sifuri, kwa hiyo inamwonyesha ukubwa wa kipande bila kumwonyesha mahali pa namba. Funika kwa karatasi yote yaliyo mbele ya 1, atafute nusu katika kile anachokiona, kisha ufunue ili aone kwamba nusu haikuhama.

FundiNguo:
Naunga mkono. Wanafunzi wangu wa cherehani huanza na kosa hilohilo. Futi yangu imegawa kila inchi katika nafasi nane, na anayehesabu vistari kuanzia ule wa mwanzo hupata tisa, kisha nguo inambana mteja. Mpe mtoto futi, apime vitu vya nyumbani, na umwonyeshe kwamba kistari kirefu cha katikati ya inchi ni nusu, vinavyofuata kwa urefu ni robo na robo tatu, na vifupi ndivyo vinavyokamilisha hesabu ya thumni.

BibiUnguja:
Mwanangu, mjukuu wangu alielewa kwa njia ya saa. Chora mstari wenye saa moja, saa mbili na saa tatu, kisha muulize saa mbili kasorobo iko wapi. Lugha yetu imekwisha kumfundisha kwamba hapo moja imepita na mbili haijafika, kwa hiyo ataweka kidole kwenye 1 na robo tatu kabla hajaona hesabu yoyote imeandikwa.

KakaTanga:
Ningependa kuongeza jambo moja kuhusu uchoraji, kwa sababu mstari uliochorwa kwa kukisia huwa na nafasi zisizolingana, na mtoto hujifunza kuhesabu vipande bila kujali kama viko sawa. Tumia rula, na nafasi ya kutoka 0 hadi 1 iwe sentimita 12, kwa kuwa 12 inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6. Nusu itaangukia sentimita 6, theluthi sentimita 4, na robo sentimita 3. Akiona kwa macho yake kwamba 1/4 iko karibu zaidi na 0 kuliko 1/3, ataacha kudhani kwamba asili kubwa hufanya sehemu kuwa kubwa. Lakini achore mwenyewe, mama usimchoree.

MamaWawili:
Shikamoo bibi, shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Leo amechora mwenyewe, na B ameitaja vizuri mara tatu mfululizo. Kwenye mstari unaofika 2, wenye robo, nilionyesha kistari cha kwanza baada ya 1. Aliandika 5/8, akasita, akafunika kwa karatasi, akasahihisha kuwa 5/4. Nilifurahi mno. Limebaki moja: mstari wa kutoka 0 hadi 1 uligawanywa nafasi sita, naye akaita kistari cha tatu 3/6, ilhali kitabu kinasema 1/2. Nimpe alama?

MwalimuMstaafu:
Marahaba. Mpe alama zote, kwa kuwa hayo ni majina mawili ya mahali pamoja. Kisha achore chini yake mstari mwingine wa sentimita 12 uliogawanywa mara mbili tu, alinganishe 0 na 0, na aangalie ni kistari gani cha juu kinachokutana na nusu.