Msituuzie safari ya milimani "pamoja na mbwa" kama hamjauliza langoni

Wandugu wa Lubumbashi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Kampuni moja ya safari hapa mjini ilipokea pesa zetu kwa ajili ya safari ya gari na mahema hadi hifadhi ya Kundelungu, ikatuhakikishia kwa maandishi kwamba mbwa wetu Bobi anakaribishwa kila mahali tutakapolala. Habari ya mbwa tuliiuliza hata kabla ya kuuliza bei. Tulipofika langoni, mlinzi wa hifadhi alipokea kijitabu cha chanjo, akakifunua ukurasa kwa ukurasa hadi kwenye mhuri wa daktari wa mifugo, akakifunga na kuturudishia kwa adabu: chanjo ni nzuri, lakini mbwa haingii.

Mlinzi huyo simlaumu hata kidogo. Kundelungu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, na mbwa, hata awe mpole namna gani, hukimbiza wanyama na anaweza kuwaletea maradhi. Anayeona huo ni ukali wa bure akumbuke yaliyotokea Serengeti mwaka 1994, pale distempa, ugonjwa wa mbwa, ulipoua takriban theluthi moja ya simba, na watafiti wakawanyoshea kidole mbwa wa vijiji vya jirani. Kinachonichoma ni kwamba muuzaji, ambaye riziki yake ni kuyajua mambo haya, hakuwahi kuipigia hifadhi simu hata mara moja, na nilipomdai maelezo alinijibu kwamba kwa kawaida "watu huelewana na walinzi". Kumbe mpango mzima ulitegemea mlinzi apewe kitu kidogo!

Kisha dereva wao akapendekeza tumfungie Bobi ndani ya gari, vioo vikiwa vimeshushwa kidogo, tukaone maporomoko ya Lofoi na kurudi. Gari lililosimama juani hugeuka tanuri kwa muda mfupi sana, na mbwa hana jasho la kumpoza kama sisi. Hupumua kwa kuhema ulimi nje, na hewa ikishachemka, kuhema hakumsaidii tena. Anayetoa pendekezo kama hilo hafai kuuza safari za wanyama. Tuligeuza gari. Maji yale yanayoporomoka zaidi ya meta 300 watoto hawakuyaona, na kampuni inakataa kurudisha hata franka moja kwa madai kwamba "safari ilifanyika".

Safari ya kambi pamoja na mbwa inawezekana katika Katanga yetu, lakini njia lazima ichorwe kwa kumfuata mbwa tangu mwanzo, siyo kumbandika juu ya safari iliyokwisha kupangwa kwa ajili ya watu. Mtu hulala nje ya mipaka ya hifadhi, kwa ruhusa ya chifu wa kijiji, akiwa ameuliza mapema kama mbwa wa pale wamechanjwa dhidi ya kichaa, kwa sababu usiku watakuja tu kumnusa mgeni. Mbwa anahitaji maji yake mwenyewe, kamba ndefu, na kukaguliwa kupe kila jioni, hasa masikioni na katikati ya vidole. Mwezi wa saba baridi ya usiku huku juu ni kali, kwa hiyo alale ndani ya hema juu ya blanketi. Haya yote yangeweza kuulizwa na kupangwa ofisini, kabla pesa haijatoka mfukoni mwa mteja.

Ninachodai ni pesa zetu zirudi zote, na lile tangazo la "mbwa anakaribishwa" liondolewe leo, kabla familia nyingine haijasafiri hadi langoni bure. Na ninyi mliowahi kupiga kambi na mbwa kando ya Mto Lufira au upande wa Ziwa Tshangalele, tafadhali andikeni hapa mlilala wapi, mliomba ruhusa kwa nani, na barabara ilikuwaje.