Unguja na waya wa Fumba: waya mwengine, jenereta au sola?

Mwana_wa_Fuoni:
Asalaam alaykum wanajukwaa. Ukiacha sola za mapaani na jenereta za akiba, karibu umeme wote wa Unguja unapita kwa waya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni huko bara hadi Fumba. Mwaka 2008, kuanzia Mei, tulikaa kiza karibu mwezi mzima. Halafu ukakatika tena 10 Desemba 2009, ukarudi 9 Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013 kwa msaada wa Marekani na tukapumua, ila mlango bado ni mmoja. Ingekuwa uamuzi ni wenu mngeanza na kipi? Mie naegemea sola na betri, lakini nataka nikosolewe.

Bi_Kidawa:
Miezi mitatu ile, kiza tulikizoea. Kilichotutesa ni maji. Pampu za visima zinakula umeme uleule wa Fumba. Nyumbani tulikuwa watu tisa. Mie na mdogo wangu tukiamka kabla ya adhana ya alfajiri kupanga madumu kwa jirani mwenye kisima cha kamba. Mama akiuza barafu na malai, biashara ikafa, na mpaka leo hajairudia. Kabla hamjahesabu megawati, niambieni kwanza kipi kitavuta maji siku waya ukikatika.

Mpemba_wa_Wesha:
Jenereta tuulizeni sisi. Miaka na miaka Pemba iliangaliwa na jenereta za Wesha. Dizeli inakuja kwa meli, meli ikichelewa hamna umeme, na gharama yake haisemeki. Waya wa kutoka Tanga ulipofika 2010, kwa msaada wa Norway, ndipo tukaonja umeme wa uhakika. Ukikimbilia jenereta umemwacha muuzaji wa umeme ukamshika muuzaji wa mafuta. Ziwepo za hospitali, basi. Kura yangu ni waya wa pili.

Fundi_Inveta:
Kwa bei ya uniti, waya haushindiki. Bara wana gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, na sasa bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Lakini waya wa pili unatibu ugonjwa mmoja tu, waya kuharibika. Gridi ya bara ikianguka tunazimika nayo, na nyaya zote mbili ziko nzima baharini.

Sola nayo ina mambo yake. Jua liko kichwani saa saba mchana, wakati majumbani umeme unatakiwa sana baada ya magharibi, watu wamerudi, feni, taa, pasi. Kwa hiyo betri lazima, na betri ndiyo inayopandisha bei. Halafu ardhi: megawati moja inataka hekta moja mpaka mbili, na kisiwa chote hakizidi sana kilomita za mraba 1,600. Ningetafuta maweni huko kusini na mashariki, pasipolimika, lakini hata huko watu wanachunga na kukata kuni, waulizwe mwanzo.

Niko_Ughaibuni:
Lithuania walikuwa wakinunua gesi yao yote kwa Gazprom ya Urusi. Mwaka 2014 wakaleta meli ya kupokelea gesi ya kimiminika, Independence, bandari ya Klaipėda. Gazprom wakapunguza bei mwaka huohuo, meli haijafika! Aprili 2022 wakaacha kabisa gesi ya Urusi. Ukiwa na pengine pa kununua, hata yule wa zamani anazungumza vingine.

Mwana_wa_Fuoni:
Sisi na bara ni ndugu, siwalinganishi na hao. Lakini sisahau Machi 2017, Rais Magufuli aliposema wenye madeni ya umeme wakatiwe, na Zanzibar nayo ikatajwa. Suala la deni lina wenyewe. Mie nilijiuliza tu, wangekata kweli, hospitali ya Mnazi Mmoja ingewasha nini?

Fundi_Inveta:
Bi Kidawa, nimerudi kwenye swali lako, kwa sababu ndilo jepesi kuliko yote tuliyoandika hapa. Pampu ya maji haihitaji betri. Inavuta mchana jua likiwepo, maji yanapanda tangini, usiku yanashuka yenyewe. Tangi ndilo betri. Ningeanza na visima vya mitaa na vituo vya afya hata kabla ya waya wa pili, maana hayo hayangoji mkopo mkubwa.

Bi_Kidawa:
Ahsante mwanangu. Kisima cha mtaani kwetu kina tangi, lakini dogo, na tupo kama watu 500. Linatakiwa la lita ngapi?

Fundi_Inveta:
Lita 40 kwa mtu ni lita 20,000 kwa siku. Wekeni la 40,000, masika mawingu yanaweza kukaa siku mbili. Na kabla ya kununua chochote pimeni kina cha maji wakati wa kaskazi, kisima kikiwa kimeshuka.