Tupeane uzoefu: laptopu ya nyumbani baada ya Windows 10, wewe umeiwekea nini?

MamaLanet, Nakuru

Hamjambo wote. Laptopu yetu hapa Lanet ni HP EliteBook 840 G3, ex-UK (yaani iliyotumika Uingereza kwanza), tuliinunua mjini miaka minne iliyopita. Siku hizi nikiiwasha inanikumbusha kwamba Windows 10 imefika mwisho. Tarehe naijua, 14 Oktoba 2025. Kinachoninyima usingizi ni kwamba watu watatu wanategemea mashine hiyo moja. Mimi naweka hesabu za kuku na kujaza ritani ya kodi ya KRA. Kijana wa gredi ya 8 anaandika kazi za shule na anajifunza Scratch, ile ya kuwafundisha watoto kuandika programu. Baba yao anachapa barua za kikundi cha maji, na Jumamosi anaangalia mpira.

Kila ninayemuuliza anajibu kama mtu anayetetea dini yake. Mmoja anasema nunua mpya, mwingine weka Linux, ule mfumo wa bure, shemeji yangu anasema Mac au nisijisumbue. Sitafuti ipi ni bora duniani. Namtafuta mtu aliyekaa nayo nyumbani, stima ikipotea, bando zikiisha, watoto wakigombania kiti, anieleze ilikuwaje. Na tafadhali utaje mashine yako ni ipi.

FundiKondele, Kisumu

Mama, umefanya vizuri kutaja G3, maana jibu linaanzia hapo. Nyingi za G3 zina prosesa ya i5-6300U. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari: 6, yaani kizazi cha sita. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. G4 ni kizazi cha saba, inakataliwa. G5 ni cha nane, inakubaliwa. Kwa hiyo mtu akienda kununua ex-UK asiulize "ni i5?" Aulize ni i5 ya ngapi.

Iko njia ya kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubaliwa. Nimewafanyia wateja, na inawaka. Lakini masasisho makubwa ya kila mwaka kwa kawaida hayaji yenyewe, kwa hiyo mteja anarudi kwangu tena. Kwangu nyumbani sifanyi hivyo.

Pia usikimbizwe na mtu. Microsoft imewaongezea watumiaji wa nyumbani masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha ukurasa uleule wa masasisho, kwa akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi, usipokubali ni dola 30. Kwa hiyo muda wa kufikiri unao.

Sasa yangu. Nina ThinkPad T450, kizazi cha tano, RAM GB 8, na tangu 2022 inaendeshwa na Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux. Nilianza kwa kutoa ile diski ya zamani inayozunguka nikaweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, na nakwambia mama, nusu ya kelele za "Windows imekuwa nzito" zinaishia hapo. Laptopu iliyochukua dakika nne kuwaka itawaka chini ya nusu dakika, mfumo uwe wowote. Anza na hilo kabla ya kubadilisha chochote.

Kilichonifanya nibaki Mint ni flashi za saiba. Mnajua ule ugonjwa: unachapisha CV mahali, ukirudi nyumbani mafaili yote yamegeuka njia za mkato (shortcut), na ukibofya moja tu umeisha. Watoto wangu walikuwa wanaleta flashi za namna hiyo kila wiki. Kwenye Linux zile njia za mkato hazina pa kushika. Unaziona zimelala, unazifuta, na mafaili halisi yaliyokuwa yamefichwa unayaona palepale.

Mchoraji, Njoro

Mimi nitakuwa mfupi. Nachora ramani za nyumba kwa AutoCAD na ArchiCAD. Zote mbili zina toleo la Windows na la Mac, la Linux hakuna. Nilinunua 840 G5 nikaweka Windows 11, mjadala ukaisha. Ila siku ya kwanza tu uuambie mfumo kwamba intaneti yako ni ya kupimwa (metered), iko kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Mimi sikujua. Bando la wiki nzima liliisha usiku mmoja nikiwa nimelala, masasisho yakishuka.

Mwalimu_Lurambi, Kakamega

Mimi naomba msome hili polepole, kwa sababu bado linaniuma.

Mwaka jana likizo ya Agosti niliamua kuweka Linux Mint kwenye Dell yetu. Nilisoma maelezo, nikatengeneza flashi ya kuwashia, nikaijaribu mfumo ukiwa juu ya flashi bila kugusa diski. Kila kitu kilifanya kazi: sauti, kamera, Wi-Fi. Nikafurahi. Nikahamisha nyaraka zangu zote kutoka C kwenda D, nikijua C ndiyo itakayofutwa. Kisakinishi kikaniuliza kama nafuta diski na kuweka Mint. Nikakubali.

C na D zilikuwa diski moja iliyogawanywa. Windows ilikuwa ikinionyesha kama makabati mawili, nami kwa miaka saba niliamini ni makabati mawili kweli. D ilikuwa na picha za mazishi ya mama, na video pekee ambayo sauti yake inasikika, akiwaombea wajukuu Krismasi ya 2019. Fundi alipata baadhi ya picha. Video haikufunguka.

Mint yenyewe sina neno nayo, naitumia hadi leo na ninaipenda. Mitihani naandika kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Word na Excel, na walimu wenzangu wananitumia faili za Word, nafungua. Majedwali yakiwa mengi mistari hucheza kidogo, kwa hiyo karatasi ya kupeleka uchapishaji naigeuza PDF kwanza. Lakini mama Lanet, nakuomba kama dada yangu: usiguse kisakinishi chochote kabla picha zako hazijakaa mahali ambapo unaweza kuzishika kwa mkono, nje ya laptopu.

FundiKondele, Kisumu

Mwalimu, pole sana. Hilo limenigusa.

Mama, kutokana na aliyosema mwalimu, nakupa njia ninayoitumia kwa wateja wenye mali ya thamani kama hiyo. Usifute diski. Nunua SSD mpya, fundi atoe ile ya zamani, aweke mpya, aweke mfumo kwenye mpya. Diski ya zamani inabaki na Windows yako na kila picha, mzima mzima. Ukijuta unairudisha kwa bisibisi. Kama ilifungwa na BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kulinda diski, andika ufunguo wake wa kurejesha kwenye karatasi kabla ya kuitoa. Ufunguo huo mara nyingi upo kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Picha_Milimani, Kisumu

Upande wa Mac. Napiga picha za harusi na kuhariri video. Ya kwanza ilikuwa MacBook Air ya 2015, nikaipenda kwa moyo wote, lakini mfumo wa mwisho iliokubaliwa ni Monterey. RAM imechomelewa kwenye bodi, huongezi. Nikahamia Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020. Haina feni, iko kimya kabisa, na stima ikikatika saa nane mchana naendelea na kazi mpaka jioni bila kutafuta jenereta ya jirani. Kwa hilo peke yake nimeirudisha pesa yangu.

Lakini kwa nyumba ya mama Lanet siwezi kuipendekeza. Hesabu za kuku na kazi za shule hazihitaji mashine ya bei hiyo, na siku kioo kikipasuka, hata mjini hapa si kila fundi atakubali kuigusa. Shemeji asinichukie.

Kanduyi_Dada, Bungoma

Niongeze la Chromebook, laptopu zenye mfumo wa Google uitwao ChromeOS, maana hakuna aliyeitaja. Niliona zinauzwa rahisi nikamnunulia binti yangu. ChromeOS ni nyepesi kweli, RAM GB 4 inatosha, na mtoto hawezi kuharibu kitu. Yangu ilikuja na shida nyingine: baada ya kuiunganisha na intaneti ikadai akaunti ya shule fulani ya Marekani. Kumbe iliandikishwa kwa shule hiyo na haikuwahi kutolewa kwenye orodha yao. Kuifuta hakusaidii, ikiwaka tu inarudi kwa mwenyewe. Muuzaji alikataa kurudisha pesa.

Kwa hiyo ukiitaka, iwashe dukani, iunganishe na simu yako, uingie kwa akaunti yako mwenyewe mbele ya muuzaji. Halafu kwenye ukurasa wa maelezo ya ChromeOS tafuta tarehe ya mwisho ya masasisho. Zilizotoka 2021 kuja mbele zinapewa miaka 10, ila inahesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka, si tangu siku uliyoinunua wewe.

MamaLanet, Nakuru

Nimesoma yote, na ya mwalimu nimeyasoma mara mbili. Ninalo swali moja tu: KRA. Mimi nina biashara, najaza ile fomu ndefu ya kupakua. Nikiwa Linux bila Excel, Juni nitafanyaje?

Duka_Busia

Nina duka la vifaa vya umeme na nimejaza kwa LibreOffice. iTax, tovuti ya KRA ya kodi, inakupa fomu kwa Excel au kwa ODS, aina ya faili ya LibreOffice; chukua ODS. Ukiifungua mara ya kwanza vitufe havitafanya kazi, kwa sababu LibreOffice imezuia makro, yaani programu ndogo zilizo ndani ya faili. Nenda kwenye mipangilio ya usalama, sehemu ya makro, weka kiwango cha kati, funga faili, ufungue upya, ukubali. Jaza, ihakiki, itakutengenezea faili ya zip ya kupakia. Usisubiri 30 Juni. Fanya Aprili, ikikataa bado una muda wa kwenda saiba yenye Excel.

MamaLanet, Nakuru

Narudi na habari. Wikendi mbili tumetumia Mint ikiwa juu ya flashi tu. Printa yetu ya HP ilijitokeza yenyewe, sikuingiza CD. Scratch inafunguka ndani ya Firefox, kijana hakuuliza hata kilichobadilika. Baba yao ndiye aliyesumbuka, alikuwa akitafuta Word kwa jina. Nimemwekea Writer, ile ya LibreOffice ya kuandikia, pale chini kwenye upau, na barua ya mkutano wa Jumapili ameiandika humo.

Jana nimenunua SSD ya GB 256. Fundi wa hapa Free Area amefungua laptopu mbele yangu, kazi ya nusu saa. Daftari la kuku limefunguka sawa, isipokuwa safu moja ya tarehe ambayo nimeirekebisha kwa mkono. Fomu ya ODS nitaijaribu mwezi wa nne kama alivyosema ndugu wa Busia, nami nitawaletea majibu hapahapa.

Diski ya zamani nimeifunga kwa kitambaa, nimeandika juu yake "picha zetu, usifute", iko kabatini pamoja na vyeti vya watoto.